Naomba ushauri: prednisoloni imeniharibu ubongo?

Mkazi wa Arua: Ndugu zangu, salaam. Kwa zaidi ya mwaka nimekuwa nikitumia prednisoloni kwa ajili ya pumu. Usingizi ulitoweka, hasira zikanijia bila sababu, na uso ukavimba hadi wateja wakadhani nina mimba. Sasa nimelegea mno, na nikisimama naona kizunguzungu. Je, dawa hii imeniharibu ubongo?

Mzee wa Masindi: Binti yangu, shida yetu ni kununua dawa dukani bila cheti cha daktari. Marehemu mdogo wangu alimeza vidonge hivyo miaka mingi kwa maumivu ya magoti, mifupa ikadhoofika, akavunjika nyonga kwa kujikwaa mlangoni tu. Vijana hamsikii.

Nesi wa Jinja: Pole, dada. Je, bado unavimeza?

Mkazi wa Arua: Niliacha wiki iliyopita. Siku ya mahari inakaribia na sitaki kusimama mbele ya wakwe nikiwa na uso huu. Pumu yenyewe imetulia, kwa hiyo sioni kosa.

Msomaji wa Mbale: Samahani, nashuku kisa hiki kimetungwa. Mwanzoni ilionekana anaitumia, sasa tunaambiwa aliacha.

Nesi wa Jinja: Hata kikiwa cha kutungwa, yupo anayesoma hapa ambaye kwake ni kweli. Kotisoli, homoni inayotuwezesha kustahimili maradhi na mshtuko, hutolewa na tezi zilizo juu ya figo kwa amri ya ubongo. Prednisoloni hufanya kazi hiyo hiyo, na miligramu 5 zake hulingana na takriban miligramu 20 za kotisoli. Ubongo ukiona homoni imetosha hunyamaza, na tezi husinyaa. Ukiacha ghafla, huna ya kidonge wala ya mwili wako, shinikizo la damu hushuka, na unaweza kufa. Ndiyo maana dozi hupunguzwa polepole, kwa wiki au miezi. Hasira na kukosa usingizi, mara nyingi, hupungua dozi inaposhuka. Umetapika?

Mkazi wa Arua: Tangu asubuhi, ila nilidhani ni samaki wa jana. Nitakwenda kliniki nikishafunga duka.

Nesi wa Jinja: Lifunge sasa hivi. Nenda hospitali ya rufaa ya Arua, na neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba uliacha prednisoloni ghafla, kwa maana utahitaji sindano ya haidrokotisoni, yaani kotisoli iliyotengenezwa kama dawa, na maji ya mishipani. Nani yuko nawe hapo dukani?