Wakuu, grafu ya masafa kwenye plagini yangu inaruka upande wa beizi, nifanyeje?

MwanaGungu: Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, natengeneza plagini (kiprogramu cha kuchomeka kwenye programu ya kurekodi) ya ikwaliza, ya kupandisha na kushusha beizi na trebo, kwa ajili ya studio moja huku Mwanga, sasa ile grafu inayocheza nyuma imenishinda, trebo iko poa ila beizi imekuwa kama ngazi za nyumba, kiki (ngoma kubwa ya mguu) ikipiga kinainuka kilima kimoja kinene tu. Nimebadilisha rangi, nimeongeza kivuli, wapi. Naombeni ushauri, natanguliza shukrani.

FundiSpika: Mkuu rangi haihusiani. FFT yako, ile hesabu ya kuchambua sauti kuwa masafa, ina sampuli ngapi?

KwayaTabora: Mdogo wangu, mimi hapa Tabora nachanganya sauti za kwaya miaka mingi, hizo grafu zinawapoteza vijana. Kuna mmoja alikata beizi yote ya wimbo eti kwenye skrini imezidi, kanisani ikasikika kama redio ya mkulima. Tumia masikio.

MwanaGungu: Shikamoo mkubwa, nimekupata, ila mteja anataka kuona. @FundiSpika ni ya kawaida tu.

FundiSpika: Kawaida ndo ngapi? Taja namba.

MwanaGungu: 512. Nilianza na 4096 sauti ikawa inakatika, maana hesabu naifanya humo humo kwenye thredi ya sauti, ile njia ya programu inayotoa sauti yenyewe. Na jamani sitaki kubomoa kila kitu, nusu ya hela nimeshapokea, Jumamosi nakabidhi na jamaa ameshaipenda.

FundiSpika: Hapo ndo ungeanzia! Sampuli 48000 kwa sekunde gawa kwa 512 ni herzi 93.75 toka pointi moja ya grafu hadi nyingine. Kati ya 20 na 200 una pointi mbili tu, na kwenye mhimili wa logarithimu wa 20 mpaka 20000 eneo hilo ni theluthi nzima ya skrini, ngazi zisitokee kwa nini? Thredi ya sauti imwage sampuli kwenye bafa ya duara (hifadhi ya muda inayojizungusha) basi, isimsubiri mtu. Hesabu ifanyike upande wa skrini, mara 30 kwa sekunde inatosha. Weka 8192 na dirisha la Hann, lile linalofifisha kingo za kipande cha sauti kabla ya hesabu.

Mgebuka47: Chai hii. Studio gani Mwanga inunue plagini wakati za bure zimejaa? Huyo ana kazi ya chuo anataka mumfanyie.

Kibirizi_Boy: Hata mimi nimeshtuka, studio za huku nazijua.

MwanaGungu: Si chai ndugu zangu. Jamaa anafundisha vijana, anataka skrini iandikwe kwa Kiswahili, beizi, kifua, sauti, ukali, sio namba tupu. Za bure hazina hiyo, na mimi naamini kijana akijua kifua cha sauti kiko wapi atachanganya vizuri.

KwayaTabora: Kifua! Hilo neno hata mimi natumia kwa waimbaji. Hapo nakuunga mkono mwanangu.

MwanaGungu: Nimerudi saa nane hii usiku. Hesabu nimeihamisha, sauti haikatiki tena. Nimeweka 4096 sio 8192, ile inachelewa kufuata kiki, jamaa hatakubali. Beizi imenyooka ila trebo imezama, nimeharibu?

FundiSpika: Hujaharibu. Pointi zimekuwa nyingi mara nane, zile sauti za kuchakacha kama hayahati (matoazi ya ngoma) zinagawana nguvu, zinashuka kama desibeli 9. Inamisha grafu upande wa trebo uinuke, desibeli 4.5 kwa kila oktavi (kila masafa yakizidi mara mbili), halafu tuma picha tuone.