Naombeni ushauri: tunataka kumwasili mtoto tunayemlea, tunaambiwa tuandike baba yake amekufa

MwalimuWaGungu

Wapendwa, habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma. Mume wangu ni mwinjilisti, anahudumu vijiji vya mwambao upande wa Uvinza. Posho yake inatoka kwa shirika la Kikristo lenye wafadhili Marekani. Linasaidia yatima na wamisionari wazawa, na lina mfuko wa kuwapunguzia gharama wanandoa wanaotaka kuasili, yaani kumfanya mtoto kuwa wao kisheria.

Tunaye mtoto wa kiume, ana miaka mitatu na miezi miwili. Mama yake alifariki siku ya nane baada ya kujifungua. Bibi yake akamleta kanisani amemfunga kwenye kitenge, akamwambia mume wangu, "Mchungaji, mimi maziwa sina." Mume wangu akaja naye kwa boti mpaka Kibirizi, hapa Kigoma, nikampokea alfajiri. Shirika lilitununulia maziwa ya kopo mwaka mzima, na hilo sitalisahau. Ndoa yetu ina miaka kumi na mmoja, hatujajaliwa mtoto.

Alikuja na kadi ya kliniki tu. Imekunjwa mara nne, pembeni imelowa mawese, jina la mama linasomeka nusu. Jina la baba liliandikwa likakatwa kwa kalamu. Baba huyo ni mvuvi, alivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, Kongo, kabla mtoto hajazaliwa na hajaonekana tena.

Juzi nimekwenda kumwingiza mtoto kwenye bima, nikaulizwa karatasi inayoonyesha ni wangu. Sina. Mratibu wa shirika hapa mkoani, Mtanzania mwenzetu, anasema mfuko unalipia aliyefiwa na wazazi wote wawili, kwa hiyo tupate barua ya kijiji kwamba baba alizama ziwani. Tena anataka laki nane mkononi "za kufungua faili", eti tutarudishiwa. Mume wangu anaogopa tukikataa posho itakatwa. Mimi naogopa mtoto kuchukuliwa. Tufanyeje?

Mvuvi_Kibirizi

Dada, usimzamishe mtu ambaye hajazama. Kaka yangu mwenyewe tulishaanua matanga yake. Mwaka wa tano akashuka hapa Kibirizi na mke na watoto wawili. Ziwa hili lina watu wengi wa namna hiyo.

UstawiMstaafu

Mwalimu, pole, na hongera kwa kumlea. Nimefanya kazi za watoto miaka mingi, nisikilize taratibu.

Huyo mratibu si mlango wa kuasili. Mlango ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri unakoishi. Hilo la laki nane mkononi sijawahi kuliona katika kazi yangu yote. Unaandika barua ya maombi, afisa anakuja nyumbani, anaona mtoto analala wapi, anaongea na majirani, na kanisani kwenu pia. Taarifa yake inapanda hadi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Mnapewa kwanza kibali cha malezi ya kambo, yaani cha kumlea kwa muda, ndipo maombi yanakwenda Mahakama Kuu. Siku hizi Mahakama Kuu ipo hapahapa Kigoma, zamani tulikuwa tunapanda treni kwenda Tabora.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mwombaji awe na miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Kama mna ndoa, mwenzako lazima aridhie. Inataka pia ridhaa ya mzazi, lakini mzazi akitafutwa kwa dhati na asipatikane, mahakama ina uwezo wa kuendelea bila ridhaa yake. Ndiyo maana hamna haja ya kumuua mtu kwenye karatasi. Semeni tu kwamba hapatikani na mlimtafuta hivi na hivi.

Ila nitakukemea kidogo, kama mzazi. Miaka mitatu bila ustawi kujua ni mingi mno. Nenda mwenyewe kabla hujaitwa. Na bibi mzaa mama, mara ya mwisho alimwona lini mjukuu wake? Afisa atakuuliza hilo mapema sana.

Wakili_Kgm

Naongezea. Barua hiyo ya kijiji itageuka kiapo mahakamani, na kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Zaidi ya hapo, amri ya kuasili iliyopatikana kwa uongo inaweza kupingwa siku baba akirudi, na atakayeumia ni mtoto. Sheria yetu pia inakataza malipo ya kumpata mtoto.

Kuhusu mfuko, kwa wenzetu Marekani kuasili kupitia wakala kunafika makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo mfuko kama huo una maana kwao. Hapa kwetu gharama kubwa ni wakili, na kuna watoa msaada wa kisheria bila malipo chini ya sheria ya mwaka 2017. Waandikieni wakubwa wa shirika moja kwa moja, muulize kama kweli wanataka barua ya kifo. Nadhani hawajui.

Jirani_Mwanga

Kwani lazima mahakama? Sisi Waha tumelea watoto wa ndugu tangu enzi za babu zetu bila karatasi.

Binti_HeruJuu

Jirani, ndugu ni ndugu, ukoo wote unamjua. Huyu amevushwa kutoka kijiji kingine.

Mimi nililelewa na mtumishi wa Mungu huko Kasulu, walinipenda sana. Waliniambia wazazi wangu wote walikufa. Nikiwa na miaka 19 alikuja mtu msibani, akanitazama mikono, akasema, "Hii ni mikono ya fulani." Fulani ni baba yangu. Alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na aliishi siku zote umbali wa safari ya baiskeli. Mama mlezi alilia kuliko mimi. Alisema waliandika hivyo ili nipokelewe kwenye msaada wa yatima. Sina kinyongo naye, namtunza mpaka leo. Lakini ile baiskeli ningeipanda, dada. Ningeipanda hata mara moja.

MwalimuWaGungu

Nimesoma hapa kwa Binti_HeruJuu nikashindwa kuendelea, nikampa mume wangu simu asome mwenyewe. Amenyamaza sana, kisha akasema barua hiyo haandiki, posho ikatwe au isikatwe. Usiku huohuo tumewaandikia shirika makao makuu, tumesema yote, na la laki nane.

UstawiMstaafu, umenikemea kwa haki. Bibi hajamwona mtoto tangu akiwa na miezi saba. Nilikuwa najipa sababu ya nauli, ukweli niliogopa atamtaka. Jumatatu naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu niende ustawi. Jumamosi tunapanda boti sote watatu, nimeshanunua sukari, sabuni na kitenge. Nitamuuliza bibi jina la huyo baba, lile lililokatwa kwenye kadi.

UstawiMstaafu

Beba na daftari. Uliza pia mama yake alipenda kumwita mtoto nani.