Naomba ushauri: skupu kwenye boneti ya Mustang ya 1967

MwanaWaNgara: Wadau, habari za jioni. Nina Mustang ya 1967, V8 ya 351 (ujazo kwa inchi), aliyoniachia mzee wangu. Nataka kuiwekea skupu (mdomo wa kukusanya upepo) ya faibaglasi kwenye boneti ili injini ipate hewa baridi, maana nikikwama kwenye jam ya Thika Road joto linapanda mpaka nazima gari. Fundi wa bodi Kariobangi anasema ni kazi ya siku mbili. Niendelee au niache? Usingizi umenipotea.

JetiNdogo: Pole kwa kuondokewa. Skupu haipozi gari lililosimama. Kwenye jam angalia radieta, feni na themostati. Hata ukienda kilomita 100 kwa saa, upepo unaosukumwa ndani hauongezi hata asilimia moja ya presha ya hewa. Na Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari humwaga petroli nyingi mno huku. Toa plagi uzitazame. Zikiwa nyeusi kama masizi, anza kwa kuweka jeti ndogo zaidi, yaani vile vitundu vya kupitishia petroli kwenye kabureta.

BabaSubaru: Skupu ya Subaru hupeleka upepo kwenye kipozeo cha hewa ya tabo, haiingizi hewa moja kwa moja kwenye injini, watu huchanganya. Yangu niliinunua kabla sijaoa. Siku moja tunatoka Naivasha na mashemeji watatu, mvua ya Limuru ikatukuta, shemeji mkubwa akaapa maji yanaingia kwenye injini. Alishuka akapanda matatu! Mpaka leo tukikutana ananiuliza kama gari lilifika.

MamaWawiliDonholm: Mwanangu, gari la marehemu halichezewi. Mama yako anasemaje? Pesa hizo si afadhali karo?

MwanaWaNgara: Mama hajui bado. Siyo kuchezea, nalitengeneza.

JetiNdogo: Nijibu moja tu. Boneti inafunga?

MwanaWaNgara: Haifungi. Inabaki wazi kama vidole viwili, inagusa eakilina, kile kisanduku cha chujio la hewa juu ya kabureta. Na niseme ukweli, tundu limeshakatwa, nimelipa nusu. Msinilaumu, fundi alikuwa na nafasi wiki ile pekee. Na skupu si kitu cha ajabu kwa magari haya, Mustang aina ya Mach 1 ya 1969 ilitoka nayo kiwandani.

KaaMacho: Wadau, tunapotezewa muda. Mustang ya 1967 ilitoka na silinda sita, V8 ya 289 au ya 390. Injini ya 351 ilikuja 1969. Hiyo 351 ilipandaje humo? Huyu ameokota picha mahali. Hebu sema usukani uko upande gani.

BabaSubaru: Aii! Na nilikuwa nimeanza kumwonea huruma.

MwanaWaNgara: Uko kushoto. Mzee aliinunua kwa mwanadiplomasia aliyekuwa akirudi kwao, mimi sijazaliwa. Injini ya 289 ilikatika krenki, mwaka jana nikaweka 351 Windsor. Logbuku bado ina injini ya zamani na jina la mzee. Hilo ndilo sikutaka kulianika hapa.

JetiNdogo: Sasa nimekuelewa. Bloku ya 351 Windsor imeizidi ya 289 kimo kwa zaidi ya sentimita tatu, kwa hiyo manifoldi (bomba la kugawia silinda hewa) na kabureta zote zimepanda. Ungeuliza kabla ya kukata, ungejaribu kwanza eakilina yenye kitako kilichozama na manifoldi fupi. Bado jaribu. Bandika plastisini juu ya eakilina, shusha boneti taratibu, kisha pima ilipobonyea. Acha nafasi ya sentimita mbili na nusu hivi, kwa sababu injini hujipinda ukikanyaga mafuta. Halafu muulize fundi kama alikata bati la juu peke yake au na mbavu za chini zinazoikaza boneti. Bila mbavu boneti itapepea barabarani.

KaaMacho: Samahani ndugu, nilikurukia. Lakini injini ikibadilishwa lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajulishwe, na gari la marehemu halihamishwi jina kabla ya mirathi kupita mahakamani. Mama lazima ajue.

MwanaWaNgara: Nimetoka Kariobangi sasa hivi. Mbavu mbili zimekatwa. Mama nilimwambia jana usiku. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama ni ile boneti aliyokuwa mzee akiipaka nta kila Jumapili baada ya kanisa. Nikamwambia ndiyo, ni hiyo. Akaenda kulala. Vipande vya mbavu fundi hajavitupa, viko chini ya meza yake.

JetiNdogo: Vichukue leo, kabla havijauzwa na vyuma vikuukuu. Vichomelewe mahali pake, na usikubali mtu aweke fila (ile lipu ya kuziba bodi) pale.