Nataka kuweka hita ya kiti mwenyewe kwenye Corolla 2012. Nianzie wapi?

BabaNeema_Edmonton

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Edmonton, Kanada, huu mwaka wa tano. Naendesha Corolla ya 2012, ile ya bei ya chini kabisa, viti vya kitambaa, hita ya kiti hamna. Nafanya kazi ya kuoka mikate na zamu inaanza saa kumi alfajiri. Januari hapa baridi inafika nyuzi 30 chini ya sifuri. Injini haina shida, usiku naichomeka kwenye umeme kwa ile hita yake ya bloku na asubuhi inawaka bila kelele. Tatizo ni kiti. Sponji linakaza kama tofali la saruji, na safari yangu ni dakika 18 tu. Hewa ya dashibodi inaanza kupata moto pale ninapotafuta pa kuegesha.

Nimeagiza mtandaoni seti ya viti viwili kwa dola 70. Kuna mikeka minne myembamba (miwili ya kukalia, miwili ya mgongo), waya, relei (swichi inayoendeshwa na umeme), fyuzi na swichi mbili za duara zenye taa. Maelekezo ni karatasi moja, na kiti kilichochorwa humo sijawahi kukiona kwenye gari lolote duniani. Fundi wa viti hapa anataka dola 450, ufundi peke yake.

Mimi nimewahi kubadilisha redio na taa. Umeme wa gari naujua kiasi cha kujiunguza. Je, lazima kiti kitoke nje au naweza kupenyeza mikeka kikiwa humo humo? Umeme nichukue wapi? Na Mama Neema anauliza kama hatutakuja kuungua tukiwa tumekaa. Nimemjibu hapana, lakini nimejibu kwa sauti ndogo.

Msubaru_wa_Njombe

Mkuu, pole na baridi. Mimi nina Forester iliyotoka Japani na hita zake za viti. Siku naitoa bandarini Dar ilikuwa Februari, nikabonyeza kila swichi niliyoiona kwa furaha ya gari jipya. Nikampakia shemeji. Tulipofika Kimara akawa anajiinua inua kitini, hasemi kitu, jasho linamtoka. Mwisho akaniomba nisimame, akashuka, akajipapasa nyuma ya suruali. Jamaa alidhani amejikojolea! Hadi leo akipanda gari langu anaangalia swichi kwanza. Ila huku Njombe, Juni na Julai, hiyo swichi naibonyeza mwenyewe na sicheki.

Ushauri wangu ni mmoja. Kabla hujachana kiti, chungulia chini yake na pale katikati penye gia. Magari mengine yana kifuniko kitupu mahali pa swichi, na waya za kiwandani zimeshapita chini ya zulia zinasubiri. Ukizikuta, tafuta kiti chenye hita kwenye gari la aina hiyo hiyo lililochinjwa, ubadilishe kiti kizima. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya.

Mpwani_Minnesota

Baba Neema, salaam. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Minneapolis, na umeme wa magari ndiyo kazi inayonilisha. Mikeka kama hiyo nimeiweka kwenye viti vinne. Vitatu vinafanya kazi mpaka leo. Cha nne nilikiharibu, nacho ndicho kilichonifunza, nitakieleza.

Ushauri wa ndugu yangu wa Njombe ni mzuri kwa kiti cha dereva. Kwa kiti cha abiria, na kwa gari lililouzwa Marekani au Kanada, usiufuate. Kiti hicho kinapima uzito wa aliyekaa ili gari lijue kama liiache eabegi (mfuko wa hewa) ya mbele ifanye kazi au liizime. Watengenezaji wengine hutandika kitambuzi ndani ya kiti, juu au chini ya sponji. Toyota huweka vipima uzito kwenye fremu ya kiti. Ukikitoa na kukirudisha, inatakiwa kompyuta ya gereji ianze upya kukihesabu kutoka sifuri. Ukibandika mkeka juu ya kitambuzi cha aina ile nyingine, mtoto anaweza kusomeka kama mtu mzima, au mtu mzima asisomeke kabisa. Kwa hiyo weka cha dereva. Mikeka miwili inayobaki iache ndani ya boksi. Najua inauma, umeilipia.

Kiti lazima kitoke. Kupenyeza mkeka kiti kikiwa ndani ya gari ni kujidanganya, utaukunja tu. Anza hivi: sogeza kiti mbele, legeza bolti mbili za nyuma, kisha kirudishe nyuma, legeza mbili za mbele. Ni soketi namba 14. Halafu toa waya hasi wa betri na usubiri. Kitabu cha Toyota kinasema angalau sekunde 90, mimi nasubiri kikombe kizima cha chai. Corolla yako ina eabegi ya pembeni ndani ya mgongo wa kiti, na plagi zake ni za manjano. Chochote cha manjano chini ya kiti ni cha kuheshimiwa: kichomoe taratibu, usikipime kwa mita ya umeme, usikipe umeme. Na wakati kiti kiko nje usithubutu kuwasha swichi ya gari, taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi na haitazimika kwa kubembelezwa.

Sasa kitambaa. Kimeshikiliwa na pete ndogo za waya zilizobanwa kwenye sponji. Zikate kwa praizi moja moja. Wakati wa kurudisha tumia vile vibanio vya plastiki vya kufungia waya, vinashika vizuri. Kwenye mgongo, ule upande wa mlango usiuguse. Mshono wake umeshonwa uchanike eabegi inapofumuka. Mkeka ukae katikati, pale uti wa mgongo unapoegemea, usipande kwenye masikio ya pembeni.

Ninakuja kwenye kiti nilichoharibu. Mkeka ulikuwa mrefu kuliko sponji kwa kama inchi tatu. Nikaona hasara kuukata, nikakunja ile sehemu iliyozidi kwa chini. Wiki mbili baadaye shemeji ananipigia simu, anasema gari linanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya kanzu. Kufungua, pale kwenye mkunjo kitambaa kimekuwa rangi ya kahawia. Mkunjo unalimbikiza joto na hauna pa kulipeleka. Kama mikeka yako ni ya kaboni (inafanana na kitambaa cheusi, huoni waya ndani), aghalabu inaruhusu kukatwa kwa urefu, mstari umechorwa. Kama ni ya waya unaozunguka zunguka kama nyoka, usiikate hata kidogo, rudisha ununue ya kipimo chako. Na usipige goti juu ya kiti ukishamaliza. Wewe na watoto.

Umeme: kiti kimoja kinakula ampea nne hadi tano. Ni kidogo, altaneta haitajua. Relei ina miguu minne yenye namba. 30 inatoka betri kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na kiti. 87 inakwenda kwenye mikeka. 85 ni ethi. 86 inatoka kwenye fyuzi inayopata umeme funguo ikiwashwa TU. Hapo usikisie, chukua mita. Waya uunge kwa vibanio vya chuma vya kuungia nyaya au kwa risasi ya kuyeyusha, siyo kusokota na kuviringisha tepu. Waya za kiti ziachie ulegevu, kiti kinatembea mbele na nyuma kila siku, na zipite chini ya zulia mbali na reli. Kwa ethi tafuta bolti ya bodi, kwangua rangi. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse.

Na kabla ya kufunga kitambaa, jaribu mikeka ikiwa imelala juu ya sponji. Weka kiganja, hesabu dakika tatu. Ukipata pahali pana moto kuliko pengine, ndipo penye kosa.

Muuguzi_Oulu

Kaka BabaNeema, mimi niko Ufini na huku hita ya kiti ni kama mkanda, hakuna anayeishangaa. Saab waliifanya kuwa ya kawaida kwenye kiti cha dereva tangu toleo la 1972.

Nimeingia kwa sababu ya swali la Mama Neema. Mtu mwenye afya akisikia moto atazima. Hatari ni kwa asiyesikia: mgonjwa wa kisukari ambaye ganzi imeshamwingia miguuni na mapajani, au aliyeumia uti wa mgongo. Huyo anaweza kukaa nusu saa anaungua na hana habari, ataona malengelenge nyumbani wakati wa kuoga. Mzee wako au mama mkwe akija kukutembelea, akikaa hapo zima. Na hizi seti za bei ndogo nyingine zina moto mmoja tu, ama imewaka ama imezimwa. Yako ina ngapi?

BabaNeema_Edmonton

Dada Muuguzi, asante. Ina mbili, juu na chini. Na baba mkwe ana sukari na anakuja Mei, umenisaidia zaidi ya unavyodhani.

Mpwani, mikeka ni ya kaboni, mstari wa kukatia upo. Jumamosi naingia kazini. Rafiki yangu mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, ana gereji yenye joto nyuma ya nyumba yake. Nitaleta majibu.

BabaNeema_Edmonton

Wakuu, mrejesho.

Nilidhani saa mbili, zikawa sita. Bolti moja ya nyuma ilikuwa imeshikana kwa kutu ya chumvi wanayomwaga barabarani, tukainyunyizia mafuta, tukala ugali na sombe (kisamvu), tukarudi ikakubali. Chini ya kiti nimekuta penseli tatu za rangi za Neema, risiti ya mwaka 2019 ya mwenye gari wa kwanza, na sarafu ya shilingi mia mbili ya Tanzania ambayo sijui ilivukaje bahari.

Kutoa kitambaa cha kukalia ilikuwa rahisi. Cha mgongo kilinitoa jasho kwa sababu ya kuogopa ule upande wa mlango. Niliufungua kutoka chini tu, nikaupandisha nusu kama unavyomvua mtoto sweta, nikaingiza mkeka katikati, nikaubandika, nikashusha. Mkeka wa chini niliukata inchi mbili. Nilikumbuka ile pasi ya shemeji.

Jaribio la kiganja likapita. Jumamosi usiku nikakaa kwenye gari lililosimama, nimevaa fulana, nikajiona tajiri.

Sasa aibu yangu. Mpwani, ulisema chukua mita. Mita ya jamaa ilikuwa haina betri, na saa ilikuwa tatu usiku, nikatazama mchoro nyuma ya kifuniko cha fyuzi nikachagua ambayo ilionekana ya busara. Ilikuwa inapata umeme muda wote. Na swichi nimeiweka pembeni ya kiti upande wa chini, kwa hiyo taa yake siioni nikishuka. Jumapili tumetoka kanisani, nimeegesha, nimeingia ndani. Jumatatu saa tisa na nusu usiku, nyuzi 27 chini ya sifuri, nafungua mlango na hata taa ya ndani haiwaki. Kiti kilikuwa vuguvugu! Gari zima limekufa, kiti peke yake ndicho kina uhai.

Nilichelewa kazini dakika 50. Jirani alinipa umeme kwa nyaya zake.

Jioni ile nikanunua mita ya dola 15, nikahamisha waya wa 86 kwenye fyuzi ya ile tundu ya kuwashia sigara. Funguo ikitoka, kimya. Swichi nimeihamishia karibu na gia ninapoiona. Siku tisa sasa, kiti kinapata moto kabla sijamaliza mtaa wetu, na taa ya eabegi haijawahi kuwaka.

Mpwani_Minnesota

Hongera. Kosa la fyuzi tumelifanya wote, wewe umelilipia kwa dakika 50 tu. Jambo moja: bolti za kiti ulizikaza kwa spana ya kipimo au kwa nguvu ya ugali? Kiti ndicho kinachokushika ukigongwa. Zirudie. Na hiyo betri iliyokufa kwenye baridi ya namna ile peleka ipimwe, ikishakufa hivyo mara nyingi hairudi kama zamani.

BabaNeema_Edmonton

Kwa nguvu ya sombe. Kesho naazima spana ya kipimo.

Mikeka miwili ya boksi bado ninayo. Mama Neema amekaa kiti cha abiria wiki nzima anatazama ile swichi yangu moja, na leo ameniambia kuanzia sasa Jumapili ataendesha yeye.

Msubaru_wa_Njombe

Hiyo mikeka miwili unaiuza bei gani? Nina fundi makochi hapa Makambako na kochi langu la sebuleni halina eabegi.