Mieleka ya mamba: ni urithi wa Waseminole au ni igizo la watalii?

Kizito: Wadau, hoja ni hii. Huko Florida Kusini, Marekani, Waseminole, kabila la wenyeji wa asili, bado wanawaonyesha watalii mieleka ya mamba, yaani mtu kupigana na mamba kwa mikono mitupu, na wengi wanaitetea kuwa ni urithi wa kabila. Mimi napinga. Maonyesho haya yalikulia Miami, kwenye vijiji vya kiingilio vya wafanyabiashara Wazungu kama Coppinger's Tropical Gardens, na Henry Coppinger Mdogo ndiye hutajwa mara nyingi kuwa aliyeanza kupigana na mamba mbele ya watalii. Kijiji kingine, Musa Isle, kiliandaa hata harusi za maigizo. Kabila lina ukumbi mkubwa wa bingo, mchezo wa kamari, tangu 1979, na 2007 likainunua Hard Rock, kampuni ya mikahawa, hoteli na kasino. Njaa haiwasukumi tena. Mchezo huu uachwe.

Bi Mwanakombo: Kaka Kizito, umechanganya onyesho na ujuzi. Wawindaji walikuwa wakikamata mamba hai tangu zamani, kwa sababu kwenye joto la Everglades, vinamasi vya Florida Kusini, nyama huharibika upesi, lakini mamba aliyefungwa kamba anasafirishwa akiwa mzima. Anayepigana humvuta mkia mpaka nchi kavu, maana majini mtu hana pa kukanyaga. Humrukia kutokea nyuma, hukandamiza shingo kwa viganja viwili, kisha husogeza mkono na kuzifumba taya. Misuli ya kufumba ina nguvu ya kuvunja mfupa, ila ya kufumbua ni dhaifu, mkono mmoja unaizuia. Ndiyo maana fundi huweza kubana pua ya mamba chini ya kidevu chake mwenyewe, mikono yote ikabaki huru kufunga kamba. Hatari iko ubavuni: kichwa hupigwa pembeni ghafla. James Billie, akiwa mwenyekiti wa kabila, alinyofolewa kidole na mamba mwaka 2000. Ujuzi wa namna hii haukubuniwa na mkata tiketi.

Sefu: Tuangalie pia kwa nini waliingia kwenye vile vijiji. Biashara ya manyoya ya ndege ilipigwa marufuku, mifereji ikakausha vinamasi, na barabara ya Tamiami ikafunguliwa 1928 ikileta magari mpaka mlangoni kwao. Pato la uwindaji lilishuka. Kijijini familia ilipata chakula, vitambaa na soko la kuuzia kazi za mikono. Harriet Bedell, shemasi wa Kianglikana aliyefika 1933, alipinga watu kukaa wakitazamwa namna ile. Yeye alinunua vikapu na wanasesere wa nyuzi za mpalmeto, aina ya mnazi mfupi wa mwituni, akikataa kazi mbovu. Nia yake ilikuwa njema, lakini naye alitegemea watalii walewale.

Bi Mwanakombo: Sasa tazameni nguo za viraka, ambazo hakuna anayebisha kuwa ni za Waseminole. Umri wake unalingana na wa hayo maonyesho! Zilishika kasi kati ya miaka ya 1910 na 1920, kwa cherehani za mkono. Vipande virefu vya rangi tofauti huunganishwa kwa urefu, mkanda unaopatikana hukatwa upya kwa kukingama, kila kipande kinasogezwa hatua moja, kisha vinashonwa tena. Mishono ikipishana upana hata kwa milimita moja, baada ya viungo arobaini mkanda wote unapinda kama mundu. Ukikatwa mshazari, ukingo unavutika, hivyo lazima ubanwe juu na chini kwa kitambaa kilichonyooka. Watalii walizinunua sana. Je, nazo tuzifute?

Kizito: Hapana, na tofauti iko hapo hapo. Sketi ya viraka ilivaliwa nyumbani, na mpaka leo inavaliwa kwenye sherehe zao bila mtalii. Nionyesheni wapi mieleka hufanywa bila watazamaji. Halafu kitambaa hakiumii. Mamba huchoka vibaya akipambana, asidi hujaa kwenye misuli, na anayerudishwa uwanjani bila mapumziko anaweza kufa.

Sefu: Hapo kwa mnyama nakuunga mkono, mkuu: mamba apumzishwe, wabadilishwe kwa zamu, na asipigwe mieleka kwenye baridi akiwa hajapata jua. Ila tusisahau kwamba kabila lilipotambuliwa rasmi 1957 halikuchelewa kufungua kijiji chake lenyewe, Okalee, na mieleka ikawemo. Mwenye kijiji amebadilika. Mwaka 2000 lilitangaza hata nafasi za kazi, kwani vijana wake hawakuutaka tena mchezo huo.

Bi Mwanakombo: Basi waamuzi ni hao vijana. Wakiuacha, ujuzi wa kukamata na kufunga urekodiwe kwenye jumba lao la makumbusho la Ah-Tah-Thi-Ki, kwenye ardhi ya kabila iitwayo Big Cypress, lililofunguliwa 1997. Wakiuendeleza, kaka Kizito, sisi tulio mbali tunawakataza kwa mamlaka gani?

Kizito: Hatuna mamlaka ya kuwakataza, dada. Lakini anayenunua tiketi ana haki ya kuambiwa kuwa onyesho lilianzia wapi na mamba amepumzika muda gani.