Ofisi za Dodoma, hizi zawadi mnamchagulia nani?

Wakuu salaam.

Nina hasira na nitaandika nikiwa nayo. Juzi ofisini kwetu hapa Dodoma tumemuaga dereva anayestaafu. Ni mzee wa swala tano, jengo zima linajua. Ijumaa mchana akiegesha gari kwenda msikitini hakuna hata anayeuliza yuko wapi. Zawadi ya ofisi ikaletwa kwenye boksi lenye utepe. Kufungua: chupa mbili za mvinyo na glasi zake. Mbele ya mkewe na wajukuu! Mzee akashukuru kwa adabu, akalisukuma boksi chini ya kiti.

Nikamfuata mtu wa utawala. Ananijibu, "Tulinunua kwa jumla, wote wanapata hivyo hivyo." Hivyo hivyo! Mtu amewaendesha miaka yote, usiku na mchana, Singida, Iringa, Dar, na hamjui kama anakunywa au hanywi?

Sisemi mvinyo wetu ni mbaya. Zabibu za Hombolo na Mpunguzi ni fahari ya mkoa huu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na mgeni mnywaji akipewa chupa ya Dodoma anaondoka anacheka. Lakini kwa asiyekunywa si kuna zabibu kavu? Si kuna asali ya Itigi, ubuyu, mafuta ya alizeti ya Singida? Vyote viko karibu.

Na kwa mzee huyu hata hapakuwa na haja ya kuwaza sana. Hadithi yake kila safari ni nyuki. Anataka kufuga akirudi kwao Manyoni. Mizinga miwili ya kisasa, bomba la moshi na vazi la kurinia, basi. Angejua kuna mtu alikuwa anamsikiliza pale kwenye usukani. Mngewauliza tu wanaosafiri naye.

Halafu nembo. Fulana ina nembo kifuani na mgongoni, mwavuli nembo, chupa ya chai nembo, shajara nembo (na yenyewe inafika Februari). Hilo ni tangazo, tunalibeba bure. Mkitaka kuandika kitu, andikeni jina la mtu, tena mlipate sawasawa. Mwaka jana dada wa masijala alipewa ngao yenye jina limekosewa, kwa sababu oda ilipelekwa kwa mchapaji wiki ya sherehe na orodha ilisomwa kwa simu. Tumeni orodha mapema, kila mtu asaini mbele ya jina lake kabla halijachongwa. Kazi ya nusu siku hiyo.

Msiniambie bajeti. Boksi lile halikuwa la bei rahisi.

Walio kwenye kamati za sherehe na vitengo vya ugavi humu, kwenu nani anachagua zawadi, na anaanza kuuliza watu mwezi gani? Wekeni hapa. Kuna mama wa usafi anastaafu mwezi wa sita na sitaki yamkute haya.