Tupeane uzoefu: mliobadili fani huku grini kadi ya kazini haijatoka, ilikuwaje?

Mhasibu Msumbufu
Wakuu, heshima mbele. Niko Irving, Texas, mwaka wa saba sasa. Mimi ni mhasibu, na ofisi iliyoniajiri ndiyo iliyoniombea grini kadi. I-140, lile ombi la mwajiri, ilishapita. I-485, ombi langu mwenyewe la kadi, nimetuma, risiti inasema wameipokea tarehe 3 Machi. Leo ninapoandika ni siku ya 131. Kibali cha kazi ninacho, ruhusa ya kusafiri ninayo.

Shida ni kwamba vitabu vya hesabu vimenichosha. Miaka miwili nimesoma usiku uchambuzi wa data, na sasa kuna kampuni imeniita. Mshahara umepanda kwa maana, cheo "mtaalamu wa data", wanataka nianze Agosti mosi. Mke wangu anasema nisiguse kitu mpaka kadi iwe mkononi. Rafiki yangu anasema ukishapata kibali cha kazi wewe ni mtu huru, hata ukitaka kuuza mandazi uza.

Nani mkweli? Naomba waliopitia wenyewe waseme, na useme ulikuwa hatua gani. Mliokuja kwa bahati nasibu ya viza tunawapenda sana, ila mada hii haiwahusu, nyie nendeni mkalale.

Kiti cha Nyuma
Ngoja waje. Nimekaa hapa na kahawa yangu.

Mwana wa Tanga
Rafiki yako yuko sahihi. Siku 180 tangu wapokee I-485 zikipita hawakuulizi kitu. Binamu yangu ni injinia, alizivuka akafungua duka la magauni Columbus, maisha yanaenda.

Sista wa Zamu
Mtoa mada, usimsikilize huyo bado. Kaa nikusimulie.

Nilisomea uuguzi hapahapa Minnesota, nikamaliza, hospitali ikaniombea. Sisi wauguzi tuna unafuu mmoja: Wizara ya Kazi ya Marekani imeshakubali kwamba hatutoshi, kwa hiyo mwajiri haanzi na ule mzunguko wa kutangaza nafasi na kuthibitisha hajapatikana Mmarekani. I-140 na I-485 zikaenda bahasha moja Machi 2023, foleni yetu ya EB-3, kundi la kadi za wafanyakazi wenye ujuzi, ikiwa wazi kabisa. Nikajua Krismasi nakwenda Kisii na kadi mfukoni. Mwezi wa tano foleni ikawekewa tarehe. Mwezi wa nane ikarudishwa nyuma hadi Mei 2020. Yaani mimi wa 2023 nasubiri watu wa 2020 wahudumiwe kwanza.

Wakati huo mgongo ulikuwa umeshakataa. Ukigeuza wagonjwa wa kilo 130 usiku kucha miaka minne utanielewa. Hospitali nyingine ikatangaza kazi ya ofisini, kwenye ile mifumo ya kompyuta tunayoandikia taarifa za wagonjwa. Nikaomba, nikapata. Wakili akaniuliza kitu kimoja tu: maelezo ya kazi, yale yanayosema Jumatatu mpaka Ijumaa utakuwa unafanya nini. Akasoma mara mbili. Akaniambia, "Hapa hakuna mgonjwa, hakuna leseni ya uuguzi. Kwenye namba za serikali za aina za kazi wamekuweka kundi la 15, la watu wa kompyuta. Wewe umeombewa 29-1141, muuguzi." Nililia ndani ya gari, sifichi.

Nikarudi wodini. Baada ya miezi kadhaa idara ileile ikatafuta muuguzi wa kufundisha wauguzi wenzake kutumia mfumo uleule. Leseni ni lazima, unaingia wodini, unasimama na nesi kando ya kitanda anapompa mgonjwa dawa. Wakili akasoma, safari hii akatabasamu. Siku 180 zilikuwa zimepita zamani. Mwajiri mpya akajaza Nyongeza J ya I-485, fomu ya kuthibitisha kazi mpya, nikahama. Kadi imekuja mwishoni mwa 2025. Mgongo umepona nusu.

Kwa hiyo usituambie cheo, tuambie majukumu. Sheria inataka kazi mpya iwe ya aina ileile au inayofanana na ile uliyoombewa, na kufanana wanakutafuta kwenye majukumu.

Mwana wa Tanga
Sasa binamu yangu amevunja sheria?

Dereva Msomi
Si lazima. Na mimi nilifanya kama yeye, ila nilijua ninachofanya.

Mimi ni mtu wa kuandika programu. I-485 nilituma Juni 2022. Februari 2023 kampuni ikapunguza watu: barua pepe imeingia alfajiri, kufika saa mbili kompyuta haifunguki. Watoto watatu, nyumba ya kupanga, na kila kampuni ya programu nayo inafukuza. Mshikaji mmoja Msomali akaniambia njoo huku kwenye malori. Nikafanya leseni, nikaendesha I-35 kutoka Laredo hadi Minneapolis miezi saba. Nikajifunza kulala mguu ukiwa kwenye usukani.

Sikuvunja sheria. Kibali kinachotokana na I-485 hakichagui mwajiri wala fani. Kile wanachokupimia ni kazi ile utakayoifanya kadi ikitoka: iko kweli, inakusubiri, na inafanana na ya kwenye faili? Lori lilikuwa la kula. Usiku nikiegesha nilikuwa natuma maombi ya kazi za programu kwa simu, betri asilimia nne. Septemba nikapata kazi ya kupima programu, Nyongeza J ikaenda, mwaka uliofuata kadi ikaja. Binamu yako Uhamiaji wakimuuliza kazi ya uinjinia iko wapi, akaonyesha magauni, hapo ndipo nuksi ilipo.

Mambo mawili kwa anayetaka njia hii. Kama ulikuwa kwenye H-1B, ile viza ya kazi inayofungwa na mwajiri, ukaanza kazi nyingine kwa kibali, H-1B umeiacha, na I-485 ikikataliwa huna pa kushika. Pili, kuanzia 2025 serikali imeanza kuwabana wasio wakazi wa kudumu kwenye leseni za malori, kwa hiyo ulizia jimboni kwako kabla hujalipa ada ya shule ya udereva.

Ubao na Chaki
Wote mnaongelea walioshatuma I-485. Kuna sisi tuliokuwa nyuma ya hapo.

Nilikuwa nafundisha chuoni kwa H-1B, chuo kikaniombea, I-140 ikapita 2019. I-485 singeweza kutuma. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimesoma Mombasa, pasi ya Kenya, Kiswahili mnakiona. Lakini mama alikwenda kwao Gujarat kujifungua, na Marekani foleni hupangwa kwa nchi uliyozaliwa. Nikajikuta kwenye foleni ya India, ambayo watu wanazeekea humo. Kwa kawaida nchi moja haipiti asilimia 7 ya kadi za mwaka, sasa piga hesabu wahandisi wa India ni wangapi.

2021 nikachoka na chaki. Kampuni ya bima ikanitaka kwa kazi ya takwimu, fani tofauti kabisa. Hapo habari ya kufanana haina kazi, kwa sababu hakuna I-485 ya kuhamisha. Inabidi mwajiri mpya aanze moja: Wizara ya Kazi, matangazo, I-140 mpya. Ila I-140 ya kwanza ikishapita, ile tarehe yako ya foleni unaondoka nayo, hata kama fani imebadilika. Na ikishatimiza siku 180 tangu ipite, mwajiri wa zamani akiiondoa kwa hasira haifi. Nilipoteza muda wa makaratasi tu, foleni sikupoteza. Mwenzangu tuliyekuwa naye idara moja aliondoka faili likiwa bado Wizara ya Kazi, hana I-140. Aliondoka mikono mitupu.

Mwisho wa kisa ni wa harusi. 2022 nilioa binti aliyezaliwa Mombasa, na sheria inaruhusu kutumia nchi ya mwenzi wako. Foleni ya Kenya ilikuwa wazi, tukatuma I-485 pamoja mwaka huohuo. Mama mkwe anasema mahari ilikuwa ndogo kwa thamani hiyo, na kwa kweli sina jibu.

Kiti cha Nyuma
Hiyo mahari iongezwe.

Mama Wawili
Kwetu aliyetaka kuacha kazi ni mume. Mhandisi, miaka 11, anataka mgahawa. Mwenye faili ni yeye, mimi nimo kama mke. Wakili alipotuambia kibali changu mimi hakifungwi na fani yoyote, wala mimi sidaiwi kazi inayofanana na chochote, tulitazamana tukacheka kwenye ofisi ya watu.

Nikaacha benki mimi. Nimefungua jiko: pilau, sambusa, Ijumaa biriani. Watu wa afya wa kaunti walikuja kukagua mara tatu, sinki la kunawia mikono lilikuwa karibu mno na la vyombo. Yeye anaendelea na uhandisi wake mpaka kadi itoke, Jumamosi anasugua masufuria. Analalamika, lakini anasugua.

Karani wa Faili
Nafanya kazi ofisi ya mawakili wa uhamiaji. Mimi si wakili, usije ukanitaja mahali.

Mtoa mada, mhasibu ni 13-2011. Hiyo kazi ya "mtaalamu wa data" wakiiandika kama inavyoitwa ni 15-2051. Mchambuzi wa fedha ni 13-2051. Angalia vizuri: tofauti ya hizo mbili za mwisho ni tarakimu moja, lakini 13 ni nyumba ya fedha na biashara, 15 ni nyumba ya kompyuta na hisabati. Namba peke yake haiamui, afisa anatazama pia ujuzi, elimu na mshahara. Ila kutoka 13-2011 kwenda 13-2051 ni mlango wa jirani, na kwenda 15-2051 unavuka barabara kuu.

Lingine, siku zinahesabiwa kutoka tarehe ya kupokelewa iliyo kwenye risiti yako. 3 Machi inakupeleka 30 Agosti. Agosti mosi bado hujafika.

Mwana wa Tanga
Si wamwandikie tu majukumu ya uhasibu yaishe?

Karani wa Faili
Nyongeza J unasaini wewe na mwajiri, na uongo humo una adhabu ya kisheria. Halafu siku ukiomba uraia faili lote linafunguliwa upya. Nimeona mtu anaulizwa habari za kazi aliyoisahau hata yeye.

Msafiri Kafiri
Na kadi ikishatoka unatakiwa ukae na mwajiri muda gani? Kijiweni wanasema miezi sita.

Karani wa Faili
Sheria haina namba hiyo. Kinachotazamwa ni kama ulikuwa na nia ya kweli ya kufanya ile kazi. Ukiondoka wiki ya pili jiandae kueleza kwa nini.

Sista wa Zamu
Mimi nakaa. Wananilipia na masomo, niende wapi.

Mhasibu Msumbufu
Nimerudi wakuu, siku ya 138. Mungu awabariki, hasa Sista na Karani.

Nilipiga simu ile kampuni nikaomba maelezo ya kazi kwa maandishi. Kweli ilikuwa kama mlivyosema: kufundisha kompyuta kutabiri wateja watakaoondoka, hakuna hesabu za fedha hata chembe. Nikawaambia hali yangu bila kuficha. Yule mama wa rasilimali watu akaniuliza kwa nini sikusema mapema, akanipeleka kwa idara yao ya fedha. Wana nafasi ya mchambuzi: kukadiria mapato na matumizi, bajeti za matawi, na wanataka mtu anayejua data. Mshahara ni pungufu kidogo kuliko ule wa kwanza. Wakili wangu ameshapewa karatasi, anasoma. Na wamekubali nianze tarehe 8 Septemba, baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya huku.

Mke amekubali, ila kwa sharti: ametundika kalenda jikoni, kila asubuhi anafuta siku moja kwa kalamu nyekundu, na barua ya kuacha kazi ameificha yeye.

Kiti cha Nyuma
Kahawa imeisha. Mkuu, hiyo kozi ya data ya usiku umesoma wapi, na ilikugharimu dola ngapi?